Mtu wa Ndoano

Ukimrushia funguo, hadaki. Anaziangalia zikipita mbele ya kifua chake, anazisikiliza zikigonga sakafu, kisha anainama bila haraka na kuziokota. Watu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, walimcheka kwa jambo hilo miaka yote niliyomjua, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshasikia kwamba mzee huyu wa Kikongo, mwenye mvi na shati lililonyooshwa vizuri, aliwahi kuishi kwa kazi ya kudaka vitu vinavyoanguka kutoka angani.

Dada mmoja wa Mombasa, mfanyabiashara wa mikoba na mteja wake wa siku nyingi, alimrushia funguo za stoo makusudi kila alipopata watazamaji. Zikianguka, anatugeukia na kusema, "Na huyu ndiye alikuwa akidaka vyombo vya angani, jamani." Mzee anaziokota, anazipangusa kwa leso yake, anamrudishia mkononi.

"Kitu kisichovunjika," alimwambia, "kiache kifike."

Sisi Wakenya tulianza kwa kumwita Kapteni. Alikataa. Alisema rubani ni rubani, amesomea, ana mikono yake na usukani wake. "Miye nilikuwa mtu wa ndoano." Basi likabaki hilo, naye akaliitikia kama cheo.

Ilinichukua muda kuielewa kazi yenyewe, maana niliacha shule mapema na mengi ninayoyajua nimeyapata kwa kuwasumbua watu kwa maswali. Yeye alinivumilia. Aliniita petit, kama Wakongo wanavyomwita mdogo wao, ingawa tulipokutana kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuota kipara. Alinieleza kwa vikombe na vijiti vya kulia, mezani, katika mkahawa wa Wakongo ulio nyuma ya jengo la maduka ya jumla.

Kuna vyombo, alisema, vinavyotumwa mbali sana kuchukua vumbi la jua au changarawe za vimondo, na kuna vingine vinavyokwenda juu tu kuzunguka, ndani yake watu wakijaribu kutengeneza dawa na fuwele ambazo hapa chini uzito unaziharibu. Mzigo unarudi peke yake ndani ya kitu cha mviringo ambacho yeye alikiita chungu. Chungu kikishafika kwenye hewa nzito hufungua mwavuli. Wengi huridhika hapo: mwavuli unakishusha mpaka ardhini. Lakini ardhi, hata uifikie taratibu namna gani, ni ardhi. Kuna mizigo ambayo kishindo hicho kidogo kinaimaliza. Kwa mizigo hiyo, watu wakafikiria njia nyingine: chungu kisiguse chini kabisa. Kifungue mwavuli wenye umbo la bawa, unaoteleza mbele kwa mwendo usiobadilika, na nyuma ya bawa ipepee kamba ndefu. Helikopta inakuja kutoka nyuma, juu kidogo, ikining'iniza ndoano. Ndoano inanasa kamba, na mzigo unahamia kwa helikopta.

"Bila kujua kama umehama," alimalizia, na kijiti chake kikawa kimeninyang'anya kipande cha samaki.

Rubani haoni nyuma wala chini. Kwa hiyo mtu wa ndoano hulala kifudifudi kwenye mlango ulio wazi, amefungwa mkanda, uso nje kwenye upepo, na kumwambia rubani afanye nini. Hashiki chochote. Kazi yake yote ni macho na sauti. Alikuwa ameianza Kongo, akifunga magunia ya misaada chini ya helikopta mahali ambapo barabara zilikuwa zimekufa, na kutoka hapo watu wa nje wakamchukua kwa sababu ya sauti ile. Nami niliisikia kila siku bila kujua kwamba ndiyo iliyomlisha: sauti ya chini, ya mtu anayemwongoza kipofu kushuka ngazi.

Kudaka aliweza, kama kuna sababu. Siku moja dada wa Mombasa alichoka na ile hadithi ya kitu kisichovunjika, akatwaa yai bichi kwenye kaunta ya mkahawa na kumrushia bila onyo. Mkono wa mzee ulikuwa umeshaanza kushuka kabla yai halijafika. Ulilipokea njiani, ukaenda nalo chini mpaka karibu na goti, ukasimama. Hakuna hata aliyecheka. Akaliweka mezani. Alituambia watu wengi hudhani kudaka ni kukizuia kitu, na ndiyo maana mikono yao imejaa mayai. Kudaka ni kuwa tayari unakwenda kule kitu kinakokwenda. Unashuka nacho, halafu mnasimama pamoja.

Neno lake la pili lilikuwa kwamba raundi ya kwanza ni ya salamu. Kule angani hakuwahi kujaribu kunasa mara ya kwanza. Helikopta inapita, anaangalia bawa linavyotikisika na kamba inavyocheza, inazunguka tena. Sokoni alifanya vivyo hivyo. Anapita mbele ya duka, anasalimia, hagusi kitu, haulizi bei. Wateja waliotoka Nairobi wakiwa na siku chache za viza walikaribia kulia.

"Mzee, tumekuja kununua ama tumekuja kusalimia?" dada wa Mombasa alimuuliza siku moja, viatu mkononi.

"Leo kusalimia. Kununua ni kesho."

"Na kesho wakiuza?"

"Basi haikuwa yetu."

Usidhani alikuwa mtu wa subira kila mahali. Alikula kama anayefukuzwa. Kusubiri lifti hakuweza, na lifti za vioo hakuzipanda kabisa: mtu aliyelala miaka kwenye mlango wa helikopta alipanda ngazi za majengo ya jumla akihema, kwa sababu, alisema, kwenye lifti hakuna anayempa habari. Kanisani, kila Jumapili, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Alikuwa msemaji mkubwa juu ya mambo yaliyopita na bubu juu ya yaliyopo. Mkimuuliza juu ya upepo wa jangwani mtakesha. Mkimuuliza kama chakula kimemridhisha, anainua mabega.

Ububu huo ulikuwa mkubwa zaidi kazini. Alipata riziki yake kwa kuwakagulia wafanyabiashara mikoba huko Shiling, mji wa ngozi na mikoba kaskazini ya Guangzhou, kabla haijafungwa kwenye makatoni. Mara nyingi nilikwenda naye kubeba sampuli. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono bila hata kuuangalia. Ukiwa mzuri, mkoba unakwenda upande wa kulia. Ukiwa mbaya, anauvuta mpaka unararuka, halafu anakwenda na ule mkoba mpaka kwenye meza ya mwenye karakana, anauweka mbele yake, anasimama. Hasemi neno. Hakasiriki. Anangoja tu.

Karakana aliyoipenda ilikuwa ya mama mmoja mfupi, mwenye mikono minene na sindano mbili siku zote kwenye kola. Sote tulimwita laobanniang, jina wanaloitwa wanawake wenye biashara kule. Alishona mwenyewe pamoja na wafanyakazi wake, na cherehani yake nzito ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Mzee akiweka mkoba ulioraruka mbele yake, laobanniang anazima cherehani. Ndipo karakana nzima inajua. Anaugeuza mkoba nje ndani, anatafuta kosa, analipata, uso unamwiva. Safari inayofuata mshono ule una safu ya ziada ambayo hakuna aliyeiomba. Waliendelea hivyo miaka mingi. Sijawahi kuona watu wawili wakiheshimiana kiasi kile kwa maneno machache vile.

Kuna hadithi moja aliyonisimulia mara moja tu, tukiwa kwenye basi la kurudi mjini. Jangwani, katika nchi ya watu, walifanya mazoezi ya kudaka kwa miaka. Walidaka vyungu vya mfano, vya saruji, vya maji, asubuhi na mchana, katika upepo wa kila aina. Hawakukosa. Ikaja siku ya chungu chenyewe, kilichotoka mbali. Alikuwa amelala mlangoni, ndoano imening'inia chini yake, helikopta inazunguka mahali pake. Mwavuli haukufunguka. Kitu kikapita mbali nao kama jiwe, akakiona kikigonga mchanga. Halikuwa kosa la mtu yeyote kwenye ile helikopta.

"Hatukukosa, petit," alisema. "Hatukupewa."

Baada ya hapo kazi ile ikaisha. Kila aliyekuwa na chungu cha kurudisha alipendelea kukiacha kitue. Mzee akaja China na bidhaa za watu. Lakini niliona kwamba ile ndoano tupu aliibeba, na kwamba katika yote aliyowahi kuyakosa, hilo ndilo pekee alilolitaka bado.

Nafasi ya pili aliipata karakanani. Tulikuta pale mhandisi, binti wa Kichina mwenye miwani mikubwa, amemletea laobanniang mchoro wa mkanda wa nailoni. Kampuni yao ilikuwa changa, watu wasiojaza meza mbili. Walitaka kurudisha majaribio ya dawa kutoka angani, na walitaka yasiguse chini. Mzee aliutazama mchoro kwa muda mrefu kupita kawaida yake, kisha akauliza, kwa Kichina chake cha sokoni, "Mnadaka?"

Binti alikuwa na mahesabu yote. Mzee alilikiri hilo bila kinyongo: alisema mtoto yule ameandika kwa namba mambo ambayo yeye aliyajua kwa tumbo tu, na kwamba namba zake ni safi. Alichokosa binti ni mtu aliyewahi kulala mlangoni. Wakamchukua. Walikuwa na rubani kijana, helikopta ya kukodi kwa asubuhi moja, na mfadhili aliyewaambia wazi kwamba wasiponasa siku hiyo, warudi kwenye kutua kama wengine. Kwa wenzake ilikuwa ni wazo lililo hatarini. Kwa mzee ilikuwa ndoano ya mwisho. Umri wake tuliujua.

Miezi hiyo mimi nilikuwa nimehamia Yiwu, kisha Dubai, kisha nikachoka nako. Niliporudi nilikuta asubuhi yenyewe imefika. Akanichukua kama mbebaji, tukaenda kwenye uwanja wa nyasi, kati ya vilima nje ya Shiling. Chungu cha mfano kilikuwa tayari. Ndani yake, juu ya vyombo vyao vya kupimia, mzee alikuwa ameomba iwekwe bakuli ya ile tofu laini ya soya inayoliwa na shira, ambayo hutetemeka ukiipumulia. Mhandisi alicheka, halafu akaipima uzito, akaikubali.

Ndipo mzee akapitisha kidole gumba kwenye mkanda.

Mkanda huo ulikuwa roho ya kazi nzima. Ndoano inaponasa kuna mshtuko mkubwa, na mkanda umekunjwa na kushonwa kwa safu nyingi za uzi dhaifu ili mshtuko uzipasue safu hizo moja baada ya nyingine, uchoke njiani. Ule wa kwanza walikuwa wameuvuta kwenye mashine, ukararuka kama michoro ilivyotaka. Wakahitaji wa pili unaofanana nao kwa ajili ya siku yenyewe. Mzee akauchukua ule ulioraruka, akaupeleka Shiling uwe mfano. Akauweka mezani kwa laobanniang. Akasimama. Hakusema neno.

Na laobanniang alielewa kile alichokuwa ameelewa miaka yote.

Uzi kwenye mkanda mpya ulikuwa mnene, unaong'aa, uzi wa mikanda ya mabegi ya safari. Safu zilikuwa zimeongezwa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na ingeweza kuing'oa ndoano, au kumvuta mtu aliye mlangoni. Mhandisi alikaa chini kwenye nyasi. Rubani akaangalia saa. Mzee akasema twende karakanani, nusu saa kwa gari, wala hakupandisha sauti.

Laobanniang alipouona mkanda mikononi mwa mzee, alizima cherehani.

"Ule wa kwanza uliraruka," alisema kabla hajaulizwa. "Niliuona kwa macho yangu. Huu hauraruki. Leta trekta uvute."

"Ule wa kwanza uliraruka vizuri," mzee akamwambia.

Laobanniang alimtazama kama mtu aliyepigwa na jua. Akasema bu xing, neno lao la kukataa kabisa, haiwezekani. Mshono hauraruki vizuri. Ameshona tangu alipokuwa msichana, hajawahi kumtolea mteja kitu ili kiharibike, na hataanza leo mbele ya wafanyakazi wake. Kama wanataka kitu kibovu, karakana mbovu zimejaa mtaa wa pili.

Mzee akavuta kigoda, akakaa. Sikuwahi kumwona akikaa mle ndani.

"Kitu kikinaswa, kuna mvuto," alisema. "Lazima uende mahali. Kila kitu kikikataa kuachia, utakwenda kwenye chungu, au kwangu mlangoni. Safu ya kwanza ikiachia, inaubeba kidogo. Ya pili inaubeba kidogo. Ikifika ya mwisho, mvuto umekwisha, na mzigo haujui kitu."

"Na mshono wangu?"

"Mshono wako ndio umefanya kazi yote."

Laobanniang akagusa sindano kwenye kola. Kisha akauliza kile ambacho hata mimi ningeuliza: mbona hukusema siku ile ulipouleta?

Mzee aliangalia mikono yake. "Najua kurudisha," alisema. "Kusifu sikujifunza."

Laobanniang aliinuka, akatafuta uzi mwembamba kwenye sanduku la chini kabisa, lile la vitambaa vya ndani. Alishona amegeuza uso kidogo, kama anayekunywa dawa chungu. Mhandisi akamwekea mchoro wa nafasi za safu, wakatengeneza kwanza kipande cha majaribio, wakakivuta kwa mizani ya ndoano; safu zikaachia moja moja, binti akaitikia kwa kichwa. Ulipokwisha mkanda wenyewe, laobanniang alivaa viatu. Alisema kama kazi yake inakwenda kuharibiwa, ataiona kwa macho.

Droni kubwa ya mizigo ilikipandisha chungu mpaka tukaona nukta, ikakiachia. Bawa likafunguka, jekundu, likaanza kuteleza. Helikopta ikaja nyuma yake. Tulimsikia mzee kwenye redio iliyokuwa kwenye nyasi. Rubani alikuwa ameshafunzwa maneno yake, Kiswahili na Kifaransa pamoja, kwa sababu mzee alisema mlangoni hatatafsiri.

"Salamu," ilisema redio, na helikopta ikapita bila kujaribu.

Raundi ya pili ndoano ilipita karibu na kamba hata mhandisi akasimama. "Bado." Kila raundi bawa lilikuwa chini zaidi, na vilima vilikuwa vinapanda kulipokea; chini ya mgongo wa kilima cha mwisho wasingeweza kujaribu tena. Raundi ya tatu upepo ulilisukuma bawa pembeni. "Bado." Laobanniang alinishika mkono juu ya kiwiko akanibana, nami nikamwachia abane.

Raundi ya nne rubani alikuja na haraka, ilisikika kwenye injini.

"Doucement, taratibu," alisema mzee. Ilikuwa sauti ileile ya mezani. "Doucement. Shuka nayo. Shuka nayo. Shuka nayo." Kisha, bila kubadilisha chochote: "Iko yetu."

Laobanniang alikuwa na darubini ya mhandisi. Aliziona safu zake zikiachia, naye alizisindikiza moja moja kwa sauti ndogo ya kooni, mpaka zikakoma na zilizobaki zikashika. Bawa likasinyaa. Chungu kikayumba mara moja kwa nguvu, mara ya pili kidogo, kikatulia chini ya helikopta kama kilichozaliwa pale.

Walipokishusha na kukifungua, tofu ilikuwa nzima, isipokuwa ufa mmoja mwembamba ukingoni. Watu walikuwa wakikumbatiana. Mzee alichuchumaa mbele ya bakuli, macho mekundu kwa upepo, akautazama ule ufa.

"Raundi ijayo," alisema, akaomba kijiko.

Nilimwona mara moja zaidi kabla sijaondoka Guangzhou. Nilikwenda Shiling kumuaga, nikamkuta anakagua mikoba ya dada wa Mombasa, kidole gumba kikitembea. Alipomaliza alitoa kitu kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nacho mpaka meza iliyo karibu na mlango. Ulikuwa ule mkanda, safu zake zimefumuka, nyuzi zimesimama kama nywele. Akauweka mbele ya laobanniang. Akasimama. Hakusema neno.

Wafanyakazi wote waliinua vichwa, wakingoja.

Laobanniang aliutazama mara moja, akausogeza kando kwa kiwiko usimzuie, akaendelea kushona. Hakuzima cherehani.